Mafuta ya Gari Kubwa Yanalipwa na Nani?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa pamoja wa wanachama wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam)



Jambo lililotukutanisha leo mnalijua. Matawi yetu ya Kinondoni na Temeke yamekuwa yakichanga fedha ili tununue gari moja la kazi, litumike kwa zamu pande zote mbili. Wapo ndugu waliotuletea habari ya gari kubwa la fahari, Land Cruiser ya petroli yenye injini ya V8, iliyokwisha tumika, na bei yake sasa imeshuka kiasi cha kutamanika. Habari hiyo iliposomwa katika mkutano uliopita, wengi walipiga makofi. Kamati ikatuagiza sisi tulichunguze jambo hili kabla fedha hazijatoka, nasi tumekuja kutoa jibu.

Sisi tulisomea ualimu, ufundi wa magari hatukusomea. Kwa hiyo tumekwenda kwa mafundi, tukauliza maswali ya kitoto, tukasoma vitabu, tukafanya hesabu. Na hesabu, ndugu zangu, haina uso wa kumwonea mtu haya. Yaliyomo ndani yake ni haya: gari hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Gari lile lina mdomo mkubwa, na mdomo wake ni mkubwa zaidi hapa hapa mjini kwetu, katika safari hizi fupi za foleni ambazo ndizo kazi tunayotaka kulipa.

Tuanze na injini yenyewe, maana wengi husema "V8" kama jina la cheo. Maana yake ni kwamba injini ina silinda nane, zimepangwa nne kwa nne katika safu mbili zilizokaa kama herufi V. Ndani ya kila silinda imo pistoni inayopanda na kushuka. Wakisema injini ni ya lita 4.6, maana yake nafasi inayofagiwa na pistoni zote nane, zikijumlishwa, ni lita 4.6. Motokaa ndogo kama baadhi ya Vitz za lita 1 hufanya kazi yake kwa silinda tatu tu. IST nyingi tunazoziona Sinza na Tandika zina injini ya lita 1.3 yenye silinda nne.

Sasa fikirini mtu aliyeajiri wapagazi wanane wenye nguvu. Siku ya kuhamisha magunia ya mchele kutoka ghalani, wapagazi hao ni mali. Kazi itakwisha kabla ya adhuhuri. Lakini siku ya kupeleka kikapu kimoja cha nyanya kwa jirani, wote wanane wanaondoka, wote wanatembea, na jioni wote wanane wanataka kula. Ndivyo injini kubwa ilivyo. Silinda nane zinasuguana, shafti nzito inazungushwa, mafuta ya kulainishia yanasukumwa, hata kama ndani ya gari amekaa dereva peke yake anakwenda kununua bahasha Mwananyamala.

Liko na jambo jingine ambalo fundi mmoja alitueleza vizuri kuliko vitabu. Katika injini ya petroli, dereva akikanyaga pedeli anafungua mlango wa hewa. Akienda taratibu, mlango ule umefungwa karibu wote, na zile pistoni zinalazimika kuvuta hewa kwa nguvu kupitia tundu dogo, mfano wa mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliobanwa na vidole. Kazi ya kuvuta nayo inakula petroli. Kwa hiyo injini ile ikiwa na mzigo wa kutosha, mathalan inapanda mlima na abiria saba na mizigo yao, katika kila shilingi 100 ya petroli huenda shilingi 35 hivi zikawa mwendo. Ikitambaa kutoka Magomeni kwenda Morocco, shilingi 20 ni nyingi. Zinazobaki zinapotea kwa joto katika rejeta na katika bomba la moshi, zinaongeza joto la Dar es Salaam ambalo hatuna shida nalo. Injini ya dizeli haina shida hiyo ya mlango wa hewa kwa kiasi hicho, ndiyo maana kwa mwendo wa polepole dizeli inavumilia zaidi. Lakini uzito na msuguano dizeli haiviepuki.

Na uzito, ndugu zangu, ndio tunaousahau kuliko yote. Land Cruiser ile, ikiwa na dereva na mafuta, ni tani 2.7 hivi. IST na dereva wake ni tani 1.1. Kila gari linapoondoka kwenye taa likafika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, petroli imetumika kuusukuma uzito huo. Taa ya mbele ikiwaka nyekundu, dereva anakanyaga breki, na mwendo wote ule tulioununua sheli unageuka joto kwenye breki. Haurudi. Tumepiga hesabu ya kushika mwendo huo mara moja, tukichukulia kwamba injini inageuza sehemu moja katika tano ya petroli kuwa mwendo. Gari dogo linatumia kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Gari kubwa linatumia karibu vijiko vitatu. Kijiko si kitu, mtasema. Hesabuni basi mara ngapi mnasimama na kuondoka kutoka Mbagala Rangi Tatu, mkapita Zakhem, Mtoni Mtongani, Kwa Aziz Ali, Uhasibu, Bendera Tatu, mpaka kufika Kinondoni kwa Manyanya. Gari kubwa linamaliza lita nzima kwa kusimama na kuondoka mara 25 tu.

Halafu kuna kusimama kwenyewe. Wataalamu wa Marekani walipima petroli inayotumika injini inaponguruma na gari halitembei. Gari dogo la lita 2 lilitumia kama lita 0.6 kwa saa. Gari kubwa la lita 4.6 lilitumia kama lita 1.5 kwa saa, na hiyo ni bila kuwasha kiyoyozi. Nani kati yenu amemwona mwenye gari la fahari akikaa kwenye foleni ya mwezi wa pili bila kiyoyozi? Tuchukue saa moja tu ya kusimama kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi: ni lita 39. Lita ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 117,000 za kununulia gurudumu lisilozunguka.

Tumetaja shilingi 3,000 kwa sababu ni namba rahisi ya kufanyia hesabu. Bei yenyewe, kama mjuavyo, hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo inapanda na kushuka. Mwezi wa Agosti 2022 petroli hapa Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na Serikali ilikuwa imekwisha anza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili makali yapungue.

Sasa hesabu kubwa. Gari letu litakwenda na kurudi kati ya Temeke na Kinondoni, lipitie matawi ya njiani, lipeleke wasemaji, lichukue karatasi na viti. Tuchukue kilomita 40 kwa siku, siku 26, ni kilomita 1,040 kwa mwezi. Serikali ya Marekani ililipima Land Cruiser la umbo hilo, lenye injini ya lita 5.7, ikaandika kwamba mjini linakwenda kiasi cha kilomita 5.5 kwa lita moja. Wenzetu watasema, la kwetu ni lita 4.6, injini yake ni ndogo zaidi. Ni kweli. Lakini "mjini" ya kipimo chao ni mwendo wa wastani unaozidi kilomita 30 kwa saa. Atakayetuonyesha mwendo huo katika Barabara ya Kilwa saa kumi na moja jioni tutampa zawadi. Tukubaliane basi na kilomita 5.5, na tunaona tumelifanyia gari lile hisani.

Kilomita 1,040 kwa 5.5 ni lita 189. Kwa shilingi 3,000 ni shilingi 567,000 kila mwezi. Kwa bei ile ya Agosti 2022 zingekuwa karibu shilingi 645,000. Gari dogo la lita 1.3, tukilihesabia kilomita 13 kwa lita, litatumia lita 80, yaani shilingi 240,000.

Yafaa tuitazame hiyo 567,000 kwa macho ya watu waliomo katika chumba hiki. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi; kikapandishwa kuwa 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo gari lile, kwa petroli peke yake, bila dereva, bila tairi, bila spea, lingekula kuliko mshahara wa mtumishi anayeamka saa kumi alfajiri Chanika akapanda daladala mbili kufika kazini. Na tuitazame kwa njia ya pili. Mwanachama akichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, inatakiwa michango ya wanachama 567 ili gari liende na kurudi. Wanachama hao 567 ni muuza samaki wa Feri, fundi cherehani wa Tandale, kijana wa bodaboda wa Buza, mama anayekaanga mihogo Mtongani. Watatoa, maana hawajapata kukataa. Lakini watakapouliza shilingi yao ilifanya nini, tutajibu kwamba ilipata moto ikapoa kwenye taa za Chang'ombe?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mfuko wa mwenye gari, nchi haihusiki. Sisi wa Temeke tunajua zaidi. Petroli yote ya nchi hii inatoka ng'ambo. Meli zinashusha Kurasini na Kigamboni, na malori ya mafuta ndiyo majirani zetu usiku na mchana. Hata kile kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza miaka ya 1960 kusafisha mafuta ghafi, kiliacha kazi hiyo zamani, kikabaki na kazi ya matangi ya kuhifadhia. Kila lita imenunuliwa kwa dola, na dola zinatokana na korosho, dhahabu, kahawa, na watalii. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, petroli nayo ikaadimika katika vituo vingi, na watu wakapanga foleni na madumu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mengine ya nyuma zaidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979, ulifika wakati magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Wakati huo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mafuta ya mtu mmoja ni jambo la watu wote.

Na kuhusu kodi, hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Zamani mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka, na ada ile ilipanda kwa ukubwa wa injini. Mwaka 2017 ada hiyo ikafutwa, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Kwa upande mmoja ni haki: mwenye kuunguza sana analipa sana, na anayeegesha gari halipi. Lakini shilingi 40 hizo ziliwekwa kwenye mafuta ya taa pia. Bibi wa Kigogo mwenye kibatari, ambaye katika maisha yake hajapata kumiliki hata baiskeli, akachangia kufuta leseni ya V8. Tunaliweka mezani tu. Tutakuwa na siku yake.

Turudi kwenye gari letu. Hoja za ndugu zetu wanaolitaka ni nzito, na si haki kuzipita.

Ya kwanza wanasema barabara za kwetu ni mbovu. Ni kweli, na mwenye kubisha aende Kivule au Mbagala Kuu wakati wa masika. Lakini kimo cha gari hakitokani na idadi ya silinda. Kuna magari ya lita 2 yaliyoinuka vizuri kutoka chini, yakapita madimbwi yote tunayopita sisi. Na maji ya Jangwani yakijaa kweli kweli, barabara hufungwa, na V8 husimama pamoja na bajaji. Sehemu inayotaka gari kubwa tunaijua. Gari la wagonjwa linalotoka kijijini katika matope, na mama mjamzito ndani, lipewe injini kubwa na magurudumu manne yanayovuta, na mtu asihesabu lita. Zile Land Cruiser za kazi zenye injini ya dizeli ya lita 4.2 zimeokoa watu wengi katika nchi hii. Hatuna ugomvi na chuma kikubwa penye kazi kubwa. Kazi yetu sisi ni kubeba spika mbili na katibu.

Ya pili wanasema tuweke gesi. Hapa tuko pamoja nao nusu ya njia. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, ni mali ya nchi, haituli dola kama petroli, na magari mengi ya petroli yamefungwa mitungi. Lakini silinda nane zikibadilishiwa chakula hazipungui kuwa nne. Zitakula gesi nyingi vilevile, mtungi utakwisha upesi, na foleni ya kujaza gesi wenyewe mmeiona. Atakayeweka gesi katika gari dogo atapata faida ileile mara mbili. Kwa hiyo gesi ni hoja nzuri, imefungwa kwenye gari lisilofaa.

Ya tatu ndiyo yenyewe, ingawa haisemwi kwa sauti. Wanasema gari kubwa ni heshima ya chama; tukifika mkutanoni na kigari, watu watatuona wadogo. Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Katika Afrika Mashariki jina la Wabenzi lilijulikana tangu miaka ya 1960, na halikuwa jina la sifa. Hapa mjini kwetu gari kubwa la mkubwa likaitwa shangingi, na kila mtu wa pwani anajua neno hilo lilikuwa na maana gani kabla halijapewa gari. Wananchi wana njia yao ya kupima heshima, nao huandika matokeo katika majina wanayotunga. Mtu akisimama pembeni mwa barabara Temeke Mwisho, jua la saa nane, daladala zinapita zimejaa, halafu akapitiwa na gari la tani mbili na nusu lenye mtu mmoja nyuma na vioo vyeusi, anayoyasema moyoni hatuwezi kuyachapa katika gazeti hili.

Majirani zetu walijaribu kulishughulikia. Kenya, mwezi wa Juni 2009, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, alitangaza katika bajeti kwamba wakubwa wa Serikali watumie magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat. Baadhi ya mawaziri walizisalimu kwa mkono wa kushoto, wakaona tabu kuagana na yale makubwa. Rwanda, katikati ya miaka ya 2000, ilikwenda mbali zaidi: ilikusanya magari makubwa ya Serikali ikayauza, na watumishi wakasaidiwa kukopa wanunue ya kwao. Mtu akinunua petroli kwa mkono wake mwenyewe hujifunza hesabu haraka kuliko mwanafunzi yeyote tuliyepata kumfundisha.

Na watengenezaji wenyewe wanasemaje? Wao walikwisha ona. Mwaka 1981 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa injini ya silinda nane iliyoweza kuzima silinda mbili au nne gari likiwa halina kazi kubwa. Wazo lilikuwa zuri, mitambo ya kuiongoza haikuwa tayari, wateja wakachoka nayo. Miaka 30 baadaye Mercedes walitia injini ya dizeli ya lita 2.1, silinda nne tu, katika S-Class, gari la marais na mabwanyenye, na kipimo chao rasmi kikawa lita 5.7 kwa kilomita 100. Toyota nao, walipoleta Land Cruiser jipya mwaka 2021, waliiacha V8 wakaweka silinda sita. Kwa vipimo vya Australia, dizeli ya V8 ya lita 4.5 ilitumia lita 9.5 kwa kilomita 100; hiyo mpya ya lita 3.3 inatumia 8.9. Kushuka huko si kukubwa, na mtu asidanganywe kwamba gari jipya limekuwa mbuzi asiyekula. Vipimo hivyo pia hufanywa chumbani, bila Barabara ya Kawawa. Lakini oneni mwelekeo: waliobuni V8 wanaiacha, nasi tunataka kuipokea kwa sababu imekuwa rahisi. Tujiulize kwa nini imekuwa rahisi.

Mafundi walituambia na jambo hili, kwamba wenye magari hayo huja gereji wakilalamika gari "linakunywa," wakitaka libadilishwe plagi, lisafishwe nozeli, lipewe dawa ya kwenye kopo. Mara nyingine ni kweli kuna ubovu. Mara nyingi gari ni zima kabisa. Linakunywa kwa kadiri lilivyoumbwa. Liko pia suala la dereva. Hata gari dogo likiendeshwa kwa hasira, kukanyaga na kufunga breki, tairi zikiwa na upepo mdogo, buti limejaa vyuma chakavu, nalo litakuwa na kiu. Dereva wetu atakayechaguliwa atazima injini akisubiri watu nje ya mkutano. Hilo litakuwa sharti la kazi yake, na wasemaji wanaopenda kukuta gari limekwisha poa ndani watavumilia.

Basi maoni ya kamati ni haya. Land Cruiser ile tusiinunue. Tununue Noah ya lita 2, inayobeba watu wanane, ambayo mafundi wake wapo kila mtaa na spea zake zinapatikana bila kuagiza Dubai. Tukiihesabia kilomita 9 kwa lita, kwa safari zilezile itatumia lita 116 hivi, yaani shilingi 347,000 kwa mwezi. Tunaokoa shilingi 220,000 kila mwezi, au 2,640,000 kwa mwaka. Fedha hizo zinatosha kulipa kodi ya ofisi ndogo upande wa Mbagala, ambako mpaka leo katibu wetu anaandika barua juu ya meza ya kinyozi. Safari ya mtu mmoja mwenye bahasha moja isipewe gari kabisa. Apewe nauli ya daladala, na kama ni haraka, ya bodaboda. Anayetoka Kimara apande mwendokasi, ambayo imekuwapo Barabara ya Morogoro tangu 2016.

Kamati inapendekeza pia liwepo daftari la mafuta. Kila litakapojazwa, dereva ataandika tarehe, lita, shilingi, na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Na kila mwisho wa mwezi mweka hazina atagawa kilomita kwa lita, mbele ya wanachama, ubaoni, kwa chaki. Mwezi ambao jibu litashuka chini ya 8, dereva na katibu watasimama waeleze. Daftari lenyewe tumekwisha linunua, hili hapa, lina kurasa 96, na ukurasa wa kwanza tumeuchora mistari.

Wale watatu walioleta habari ya Land Cruiser wamefanya kazi njema ya kutafuta, na tumewaomba wawe ndio wa kwenda kuikagua Noah. Wawili wamekubali. Wa tatu bado ana neno, naye ni haki yake. Mwenyekiti atampa nafasi kwanza, kisha wazee wa Mbagala walioinua mikono kule nyuma, halafu tutapiga kura.